UZI: Kwa nini picha za Kihindi zinang'aa vile? Njooni tuongee mwanga, rangi na yale macho

MpigaPicha_Ilala (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, video na za mnato, hapa Dar. Mwezi uliopita nilipata kazi ya sendofu. Mama wa binti akanipa agizo moja tu: "Baba, nataka itoke kama picha ya Kihindi." Nikasema moyoni, hiyo ndogo. Nikaongeza rangi mpaka nyekundu ikaanza kuuma macho. Kila binti alipogeuza shingo nikapunguza mwendo. Nikamwekea na feni, mtandio upepee. Nilipopeleka, mama akaangalia kama dakika kumi, akachomoa flashi akanikabidhi: "Hii ni sendofu ya Tabata iliyomwagiwa rangi. Kihindi siyo hivi." Salio langu nimelipata kwa mbinde.

Niliumia, lakini nilipotulia nikaona mama yule alikuwa sahihi. Basi nikajifungia na picha za zamani, usiku, sauti nimezima, naangalia kitu kimoja: taa inatokea wapi na kamera imesimama wapi. Nimefanya hivyo karibu wiki tatu mpaka mke wangu akauliza kama naumwa.

Nilichoambulia ni hiki. Tumezoea kusema Kihindi ni mbwembwe: rangi, kuzunguka mti, machozi ndoo mbili. Mimi sasa naona ni kutazamana. Ile picha inakutazama wewe uliyekaa kwenye kiti, na inataka ujue kwamba imekuona.

Twende taratibu. Mhindu anapokwenda hekaluni anakwenda kupata kitu wanachokiita darshan: kumwona mungu na kuonwa naye. Pande zote mbili zinatazama. Ndiyo maana sanamu zao zina macho makubwa yaliyofunguka, yamekukabili uso kwa uso. Mwaka 1894 mchoraji Raja Ravi Varma akaanzisha kiwanda cha uchapaji Bombay, na picha za miungu zikaanza kupatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Zikaingia nyumbani, madukani, kwenye kalenda. Nyie wa Kariakoo mnazijua, zile zilizokaa nyuma ya kaunta ya duka la Mhindi zikiwa na kitaa chekundu na kijiti cha ubani. Dadasaheb Phalke, aliyetoa sinema ya Raja Harishchandra mwaka 1913, alitokea hukohuko kwenye uchapaji na upigaji picha. Macho ya kalenda yakahamia kwenye turubai.

Sasa angalia stelingi anavyoingia. Kwanza viatu. Halafu mkono unawasha sigara. Halafu mgongo. Uso unakuja mwisho kabisa, na ukija unakuja mzima, umekukabili, kamera imetulia tuli. Kule kwao watu hurusha sarafu kwenye turubai hapo. Hadithi imesimama na hakuna anayelalamika, kwa sababu hapo hakuna hadithi, kuna kuonana.

Nitaendelea, nina mengine ya taa. Karibuni.

Stelingi_Hafi

Nimevuta kigoda, karanga ninazo. Ila mkuu, swali la msingi hujaligusa: ni taa gani inayomfanya mtu apigwe risasi sita halafu aimbe beti tatu kabla ya kukata roho?

BintiKibokoni

Kakangu hongera kwa uzi. Mie niko Mombasa, Mji wa Kale. Huyo mama wa sendofu namuelewa sana, nami ningekurudishia flashi yako, usinichukie.

Kwetu Kihindi kiliingia kwa sikio kabla ya jicho. Marehemu Juma Bhalo alizichukua sauti za nyimbo za Kihindi akazitilia maneno ya Kiswahili, tena maneno mazito, ya mafumbo. Mamangu alizijua hizo nyimbo kwa Kiswahili chake kwanza. Siku ya kuja kuiona picha yenyewe akashangaa, "Kumbe huyu mwanamke aimba juu ya mlima?" Yeye alidhani wimbo ule ni wa mtu aliyekaa mkekani akilia na mumewe.

Kwa hiyo nakuuliza: hao Wahindi wenyewe, wimbo ni wa sikio au ni wa jicho?

MpigaPicha_Ilala

Bibie swali zuri, na nilitaka kulifikia. Sinema ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara ya 1931, ilitoka na nyimbo saba tayari. Hawakuongeza nyimbo baadaye, zilikuwepo tangu mdomo ulipofunguka, kwa sababu michezo ya jukwaani iliyotangulia, hasa ile ya makampuni ya Waparsi wa Bombay (Wahindi wenye asili ya Uajemi), ilikuwa na kuimba na mapazia yaliyochorwa majumba na mabustani.

Ila kwenye kamera wimbo umepewa kazi yake. Mambo ambayo watu hawawezi kuambiana mezani mbele ya baba, yanaonekana ndani ya wimbo. Bodi ya ukaguzi nayo ilikuwa kali kwa mambo ya mwili, basi wapenzi wakikaribiana kamera inakimbilia maua mawili yanayogusana, au ndege wawili, au mvua inaanza kunyesha. Watoto wote ukumbini wanajua kimetokea nini. Hilo ni fumbo, na mtu wa taarab hafundishwi fumbo.

Nipe nafasi nikupe mfano mmoja kwa ukaribu, huu ndio ulioninyima usingizi.

Mwaka 1959 Guru Dutt alitoa Kaagaz Ke Phool, picha ya kwanza ya India kupigwa kwa CinemaScope, ile turubai pana. Ndani yake yeye ni mwongozaji wa sinema, na Waheeda Rehman ni mwigizaji wake. Wanapendana na haiwezekani. Kuna wimbo humo, Waqt Ne Kiya, ameuimba Geeta Dutt, ambaye nje ya picha ndiye alikuwa mke wa Guru Dutt. Hilo peke yake lina uzi wake, tuliache.

Wako ndani ya studio tupu, giza. Kutoka juu darini unashuka mwanga mmoja, mnene kama nguzo ya msikiti, vumbi linaelea ndani yake. Mwanamke amesimama huku, mwanamume kule, hawagusani. Kisha vivuli vyao vinatoka miilini, vinatembea, vinakutana katikati ya ile nguzo ya mwanga. Miili imebaki palepale. Nimeirudia labda mara arobaini.

Mimi kama fundi najiuliza: ule mwanga wameutoa wapi? Taa za studio zinatawanya mwanga, ukiuangusha kutoka juu unapanuka kama sketi. Ule hautawanyiki, umenyooka kama wa jua. Na kweli ni jua. Mpiga picha wake, V.K. Murthy, aliweka kioo kikubwa nje juani, kikarusha mwanga kwa kioo cha pili kilichofungwa juu ndani ya studio, na hicho kikaumwaga chini. Vioo viwili na moshi kidogo ili mwanga uonekane.

Picha yenyewe ilianguka vibaya sokoni. Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji, na 1964 akafariki. Murthy yeye aliishi mpaka akapewa tuzo ya Dadasaheb Phalke, ile heshima kubwa ya sinema ya India, mpiga picha wa kwanza kuipata. Ilichukua miaka karibu hamsini watu wamkumbuke mzee wa vioo.

Stelingi_Hafi

Daah. Vioo viwili. Na mimi hapa nakopa nikanunue taa za LED.

MzeeVuga_Muscat

Assalaam alaykum wanangu. Mimi ni Mzanzibari, niko Muscat miaka mingi, hapa Wahindi ni majirani zetu na sinema zao hatuzikosi. Mjukuu ndiye ananiandikia, mimi nasema tu.

Mnaongea taa, mimi naongea nilichokiona. Utotoni kwetu Unguja picha ya Kihindi ilikuwa haianzi ukumbini. Inaanza nyumbani, kwa kupiga pasi. Mama zetu walivaa, wakajifukiza udi, wakatoka kwa makundi, na kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Sisi vijana tulikaa mbele kabisa Majestic pale Vuga, shingo inauma. Tiketi zikiisha kuna walanguzi. Ukitoka, usiku mzima barazani mnahadithiana, na asiyekuwa na pesa ya tiketi naye anaijua picha yote kwa kuhadithiwa.

Awaara ya Raj Kapoor ni ya 1951, lakini ilikuwa ikirudishwa na kurudishwa, mimi nimeikuta nikiwa mkubwa kidogo. Mnaikumbuka ile ndoto? Mawingu ya moshi, ngazi zinapanda hakuna mwisho, Nargis yuko juu anamwita, Raj yuko chini kwenye moto analia anataka kutoka. Mimi sikujua Kihindi hata neno. Lakini nilijua pale pale: huyu anaitwa peponi na miguu iko motoni. Nani asiyeijua hali hiyo?

Na barazani hakuna aliyezungumzia taa, mtoto wangu nisamehe. Walizungumzia jaji. Maana jaji ndiye baba wa yule kijana, amemfukuza mkewe mja mzito kwa kuwa alitekwa na jambazi, akamtilia shaka. Na huyo jaji husema mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Akamfanya mwanawe mwenyewe mwizi, hajui. Wazee wetu waligombana juu ya hilo mpaka alfajiri: tabia ni damu au ni malezi? Mmoja aliapa hatomwoza binti yake kwa mtu anayesema ni damu.

MpigaPicha_Ilala

Mzee shikamoo. Hapa umenishika. Na kule kwao kisa hicho kina mizizi zaidi, maana kila Mhindi anayekiona anamkumbuka Sita, mke katika Ramayana, ule utenzi wao wa kale, aliyetekwa, akarudi, akatiliwa shaka, akaachwa msituni mja mzito. Raj Kapoor hakuhitaji kulitaja jina. Umati ulikuwa unaangalia hadithi mbili kwa wakati mmoja.

Mwl_wa_Zamu

Samahanini, mimi nitakuwa mchawi wa uzi huu.

Mnasifia mwanga. Mwanga huo huo umewafundisha watoto wetu kwamba mrembo ni mweupe. Nani alipata mwanga wa uso kwenye hizo picha? Mwanamke mweupe kama maziwa. Weusi ni adui, mtumishi, au mchekeshaji. Miaka yote ninayofundisha naona binti anakuja shule uso wa rangi moja na shingo ya rangi nyingine, krimu imemuunguza. Msiniambie sinema haina mkono humo.

Na mwanamke mwenyewe yukoje? Mama anayelia, bikira anayekimbizwa na kijana aliyeambiwa hapana mara kumi na bado anaimba, na mjane aliyevishwa nyeupe. Ni huo utamaduni mnaoutukuza?

BintiKibokoni

Mwalimu, hapo kwa kijana anayeambiwa hapana wallahi umesema kweli. Vijana wa kwetu wamesomea huko huko. Unamfuata mtu mpaka mlangoni kwao, ukiulizwa wasema nampenda.

MpigaPicha_Ilala

Mwalimu, la rangi sina utetezi. Nimelikuta hata kwenye kazi yangu: ukitazama wanavyowasha, taa ya uso wa stelingi wa kike inaongezwa mpaka mashavu yanapoteza umbo, na adui anawashwa kwa chini au ubavuni, ngozi ionekane kila shimo. Huo ni uamuzi wa mtu aliyeshika taa, wala si bahati mbaya. Na mimi niliufuata. Kwenye ile sendofu nilimpausha binti wa watu mpaka mama yake hakumtambua, na naamini hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya flashi kurudi, ingawa alistahi kuisema.

Ila la mjane naomba nilisogelee, kwa sababu kuna sehemu nyeupe ile ile imetumika kushitaki.

Sholay, 1975. Kila mtu anakumbuka jambazi Gabbar na bunduki. Mimi nakumbuka taa za kandili. Jaya Bhaduri ni Radha, mjane, mkwe wa Thakur, bwana mkubwa wa kijiji. Kila jioni anapita barazani kuzima taa moja moja. Ng'ambo ya ua, Amitabh Bachchan, ambaye humo ni Jai, amekaa kwenye ngazi anapuliza kinanda cha mdomo. Hawasemezani. Yeye anazima taa, mwingine anapuliza, giza linaingia. Basi. Hakuna wimbo wa maneno hapo, hakuna mti wa kuzunguka.

Wameipiga katika ule mwanga wa baada ya jua kuzama, kabla giza halijashika. Mwanga huo unadumu dakika chache tu, kwa hiyo kila siku wanapata kipande, wanasubiri kesho. Inasemekana vile vipande vifupi vilikula karibu siku 20. Kwa kuzima taa!

Halafu kumbuka, kabla yake tumeonyeshwa Radha yule yule siku ya Holi, sikukuu yao ya rangi, hajaolewa bado, amejaa rangi mwili mzima, anacheka mpaka anaudhi. Kisha hamwoni tena na rangi. Hakuna mtu aliyehutubia kuhusu mila ya wajane. Wamemnyang'anya rangi tu, na wewe mtazamaji ndiye unayeitamani kwa niaba yake. Thakur mwenyewe anakwenda kwa baba yake Radha kuomba wamwoze tena, na baba anakubali. Wanakijiji ndio wangesema nini.

Mwl_wa_Zamu

Na aolewe na nani? Si Jai anakufa? Kwa hiyo mjane anabaki mjane. Mila imeshinda, filamu imenawa mikono.

MpigaPicha_Ilala

Sina jibu mwalimu. Nimefika hapo mara nyingi nikakwama. Walimwonyesha mlango kisha wakaufunga, na dirisha la mwisho kwenye picha ile ni lake, analifunga kwa mkono wake.

Stelingi_Hafi

Ngoja ngoja ngoja. JAI ANAKUFA??? Wakuu mimi jina langu ni Stelingi_Hafi, msinivunjie heshima hadharani.

MzeeVuga_Muscat

Mjukuu anacheka hapa. Mwanangu, Amitabh amekufa mara nyingi kuliko sisi wote. Kwenye Sholay anakufa, kwenye Deewaar anakufa, na miaka hiyo ndiyo alikuwa stelingi kuliko wote. Alikufa ukumbi mzima ukalia, na kesho yake foleni ndefu zaidi.

Ile sarafu unaikumbuka? Kila penye uamuzi Jai anarusha sarafu, na kila mara yeye ndiye anayebaki kwenye hatari. Akishakufa rafiki yake anaiokota, anaigeuza: pande zote mbili ni kichwa. Alikuwa amejichagua kila mara. Siku hiyo kuna mtu mzima kando yangu, hamali wa bandarini, alijifunika uso kwa kofia.

Stelingi_Hafi

Mzee nimeshindwa. Naomba uongozi wa jukwaa nibadilishiwe jina.

BintiKibokoni

Mzee umetaja hamali, na Deewaar ni ya hamali. Ile beji ya namba 786! Kwetu Mombasa namba hiyo utaiona mpaka kwenye matatu na milango ya maduka, kwa ajili ya Bismillahi. Babangu alituhadithia: Vijay, yaani Amitabh humo, ni Mhindu, amekosana na miungu, mamake akiingia hekaluni yeye abaki nje kwenye ngazi. Lakini beji yake ya kazi bandarini ni 786, na hamali Mwislamu ndiye aliyemweleza maana yake. Risasi yapiga beji, yeye apona. Siku ile beji inamponyoka mkononi ndiyo siku yake. Babangu akifika hapo hunyamaza kidogo, kisha husema, "Na mwandishi alijua ukumbini kuna kina nani."

MpigaPicha_Ilala

Waandishi walikuwa wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, ndio hao hao wa Sholay. Na ndiyo walijua sana. Angalia pia inavyopigwa: kule nje kwenye ngazi za hekalu kamera inamweka Vijay peke yake, ukuta nyuma yake, jina la picha lenyewe ni "ukuta". Anakataa kumtazama mungu na kutazamwa. Mwisho anaingia, ana risasi mwilini, anafia humo humo mikononi mwa mama. Darshan aliyoikwepa maisha yote ameipata na damu.

Kwa wapenda mavazi: lile shati la bluu lililofungwa fundo kiunoni, ambalo vijana wa miaka ile walilivaa mpaka kwetu, Amitabh mwenyewe amesema lilitokana na kosa la fundi cherehani. Lilishonwa refu mno, wakati wa kupiga umefika, akalifunga fundo. Sisi tukadhani ni fasheni.

Niwape na ya vioo vingi, maana vioo viwili nimeshasema. Mughal-e-Azam ya K. Asif, 1960. Karibu picha yote ni nyeusi na nyeupe, ghafla katikati rangi zinafunguka na tuko kwenye Sheesh Mahal, ukumbi wa vioo, uliojengwa studio kwa vioo vilivyotoka Ubelgiji. Anarkali, mcheza ngoma wa kasri, amempenda mtoto wa mfalme. Madhubala, ambaye ndiye Anarkali, anacheza mbele ya mfalme Akbar mwenyewe na kuimba kwamba aliyependa ana lipi la kuogopa. Mfalme anainua macho darini kukwepa kumtazama, na dari yote ni vipande vya vioo, na kila kipande kina yule binti anazunguka. Mia, elfu. Amri yake imefika kila pembe ya India lakini hana pa kuweka macho.

Kifundi ilikuwa balaa. Kila kioo kinarudisha taa kwenye lenzi. Wataalamu waliambiwa waangalie wakasema haiwezekani. Asif na mpiga picha wake R.D. Mathur wakapaka vioo nta nyembamba kuvipunguza makali, wakaweka vitambaa mwanga ugonge hapo kwanza kabla ya kufika kwa mtu. Nta wakuu. Ya mshumaa.

Mwl_wa_Zamu

Hiyo ya Akbar kukosa pa kuweka macho nimeipenda, lazima niseme. Na za siku hizi? Maana ninazoziona kwa wanangu ni matangazo ya harusi ya saa tatu.

MpigaPicha_Ilala

Hahaha. Ndizo zinazoniletea ugali, nizisemeje? Zilianza hapo katikati ya miaka ya tisini, Wahindi wa Uingereza na Marekani walipokuwa wateja wakubwa na wanataka kuiona nyumbani ikiwa safi kuliko nyumbani kwenyewe. Milima nayo ilihama. Zamani wimbo wa mapenzi ulikwenda Kashmir. Vurugu zilipoanza kule mwishoni mwa miaka ya themanini, mwongozaji Yash Chopra na wenzake wakazidi kwenda Uswisi, theluji ile ile, mashamba yale yale ya kijani. Mji wa Interlaken umemwekea sanamu. Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995 imeonyeshwa ukumbi wa Maratha Mandir, Mumbai, kwa zaidi ya robo karne.

Ila hata humo kutazamana kupo. Bibie wa Kibokoni, unaijua Karva Chauth? Mke amefunga kutwa kwa ajili ya mumewe, mwezi ukitoka anautazama kupitia chekeche, kisha anageuza chekeche lile lile anamtazama mume. Ni desturi ya kaskazini hasa, sinema ndiyo iliyoisambaza mpaka wasioijua wakaianza. Picha ya uso nyuma ya chekeche, mwanga wa mwezi unapita matunduni. Nimeijaribu nyumbani kwa chekeche la unga la mke wangu. Inatoka.

BintiKibokoni

Haya sasa tuambie, yule mama wa sendofu ulimrudia?

MpigaPicha_Ilala

Sikumrudia, yeye ndiye alinirudia. Ana binti wa pili, juzi alikuwa na shughuli ya hina, chumba kidogo, dirisha moja, ukuta umepakwa kijani. Nikaacha taa garini. Nikaomba kioo cha kabati la nguo, tukakifungua mlango tukakitoa uani juani. Cha pili ni kioo cha bafuni, nikakifunga juu ya pazia kwa kamba ya katani. Mwanga ukashuka kama mkono, ukatua kwenye viganja vya binti vyenye hina mbichi. Ubani ulikuwa unafuka kwa ajili ya shughuli, nao ukafanya kazi ya moshi. Ngozi yake sikuigusa, ni mweusi wa kung'aa, nimemwacha hivyo. Nilimwambia asitabasamu, aitazame lenzi tu kama anayemjua aliyeko ndani.

Mama aliangalia kwenye kioo cha kamera. Hakusema kitu. Akaenda kuita dada zake wote watatu.

BintiKibokoni

Mashaallah. Nina shughuli Agosti, ua wetu ni mwembamba na ghorofa la jirani latukinga jua. Kioo cha nje kikae wapi, na jua la saa ngapi?

MpigaPicha_Ilala

Kipandishe juu ya paa lenu au la jirani mkielewana, saa nne asubuhi au saa tisa alasiri, saa sita haifai, jua liko utosini. Na uwe na kijana wa kukaa na kile kioo muda wote, maana jua linasogea, kila baada ya dakika chache doa la mwanga linahama, linaacha mikono linapanda ukutani. Wa kwangu alisinzia. Nina dakika nane nzuri sana za kalenda ya benki.